D&D ya zamani: uchukue boksi lipi?

Anayetaka kuonja Dungeons & Dragons kama ilivyochezwa zamani hukwama kwenye majina kabla hajafika kwenye mchezo wenyewe. Kuna ile ya kwanza ya 1974, kuna Basic tatu zenye jina lilelile, kuna Expert, kuna Advanced, kuna Advanced toleo la pili, na zote zimetoka kampuni moja, TSR ya Lake Geneva, Wisconsin. Kwa miaka mingi Basic na Advanced ziliuzwa sambamba, na mnunuzi alidhani moja ni darasa la kwanza na nyingine la pili. Wapi! Ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali: wanafanana sura, ila kila mmoja ana tabia yake.

Nimezicheza zote kwa nyakati tofauti. Nilianzia bwenini chuoni, hukohuko Wisconsin, miaka ya 80 ikielekea ukingoni, na siku hizi nacheza Tanga na wapwa zangu, kwa Kiswahili. Kucheza kwa Kiswahili ndiko kulikonipa kipimo ninachokitumia hapa. Mchezo huu hauna mshindi. Mmoja anasimulia, wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini, na dadu huamua pale penye shaka. Msimulizi akifungua kitabu kusaka jedwali, hadithi inasimama. Na kwa kuwa vitabu vyetu ni vya Kiingereza, meza nzima inahamia Kiingereza, na kurudi ni kazi. Kwa hiyo kila toleo naliuliza swali moja: utasimulia kwa muda gani kabla hujalazimika kukifungua kitabu?

Ili tusibaki hewani, nitapitisha tukio moja kwenye matoleo yote. Wahusika wa ngazi ya kwanza, yaani wanaoanza tu, wameshuka chini ya magofu. Wamekuta kasha la mbao. Ndani ya kitasa kuna sindano ya sumu, nao hawajui. Nani anafungua, na vipi?

Boksi la 1974

Gary Gygax na Dave Arneson walitoa vijitabu vitatu ndani ya boksi moja, nakala 1,000 za mwanzo, bei dola 10. Arneson alikuwa tayari anaendesha mchezo wake wa Blackmoor huko Minnesota. Gygax akauweka kwenye maandishi na kuupanua. Ukisoma unaona waliandikiwa kina nani: wacheza vita vya vinyago, watu wanaojuana, ambao nusu ya mambo wanayajua kabla hawajasoma. Inachukuliwa kwamba una Chainmail, kitabu cha kanuni za vita hivyo vya vinyago, kwa ajili ya mapigano, na ubao wa mchezo mwingine kabisa, Outdoor Survival wa Avalon Hill, kwa ajili ya safari za nyikani. Asiye na Chainmail kawekewa jedwali mbadala la kupigana, na hilo ndilo lililokuja kushika.

Tukija kwenye kasha, mwizi, yule mhusika mwenye ujuzi wa vitasa na mitego, hayupo. Boksi lina mpiganaji, mchawi na kasisi, basi. Mwizi alikuja mwaka uliofuata, kwenye nyongeza iitwayo Greyhawk. Bila yeye hakuna asilimia ya kugundua mtego, na anayetaka kufungua lazima aseme anafungua vipi. Nilipojaribu hivyo na wapwa, yule mdogo alikaa kimya kidogo, kisha: "Mjomba, nalifunga kamba, tunatoka wote nje, halafu navuta." Sikuwa na jedwali la kuvuta kasha kwa kamba. Nikaamua palepale kwamba limeburuzika, limegonga kizingiti, kitasa kimefyatuka na sindano imechomoza. Hakuna aliyerusha dadu, na kila mtu mezani alijua kilichotokea.

Hapo ndipo boksi hili linaposhinda yote. Silaha zote, rungu kwa upanga, zinaumiza kwa dadu moja ya pande sita, kwa hiyo hakuna anayepoteza jioni akipiga hesabu ya silaha ipi inalipa. Kitabu hukifungui kwa sababu hakina la kukuambia. Lakini ukimya huohuo unamwangusha msimulizi mgeni. Nani anaanza kupiga? Mchawi anakariri uchawi wake vipi? Utapata nusu jibu, na nusu nyingine utaitunga. Kwa aliyezoea kusimulia na kuamua, ni raha tupu. Kwa kikundi ambacho hakuna hata mmoja aliyewahi kucheza, sipendekezi.

Basic ya 1977, kwa ufupi

J. Eric Holmes, daktari wa mishipa ya fahamu na mwalimu wa chuo kikuu, alivipanga vijitabu vile vikasomeka, ngazi 1 hadi 3. Maandishi yake ni matulivu kuliko ya Gygax na nayapenda. Ila kuna kituko: silaha zote bado zinaumiza sawa, lakini jambia linapiga mara mbili kwa raundi, na upanga mkubwa wa mikono miwili unapiga mara moja kila raundi ya pili. Kwa hesabu hiyo, shujaa mwenye akili anauza upanga wake. Dadu zilipoadimika, TSR waliweka karatasi ya namba za kukatakata na kuchomoa kikombeni, na mpaka leo njia hiyo inamfaa asiye na dadu za pande nyingi. Baada ya ngazi ya 3 kitabu kinakuelekeza kwenye Advanced, ambayo kanuni zake ni nyingine. Hapo unaachwa njia panda.

Basic na Expert za 1981

Tom Moldvay aliandika Basic, ngazi 1 hadi 3. David Cook na Steve Marsh wakatengeneza Expert, ngazi 4 hadi 14. Kila kimoja kurasa 64. Kurasa 128 kwa mchezo mzima, na vitu vimepangwa kwa mpangilio utakaouhitaji.

Kanuni zinazoshika mchezo huu zinakaa kichwani baada ya jioni mbili tatu, na ndiyo sababu toleo hili limepata nafasi kubwa hapa. Muda chini ya ardhi unahesabiwa kwa zamu za dakika 10. Mwenge unawaka zamu 6. Kila zamu mbili msimulizi anarusha dadu ya pande sita, na ikitoka 1 kuna kitu kinakuja. Kiumbe kikitokea, dadu mbili zinaamua kina hasira au kinataka mazungumzo. Watu wakianza kupigana, kila upande unarusha dadu moja, mkubwa anaanza. Goblini wa kwanza akianguka, msimulizi anarusha dadu mbili dhidi ya namba ya moyo wao, ambayo ni 7, zikizidi, wanakimbia. Na wengi hukimbia, kwa sababu goblini naye anataka kurudi nyumbani.

Halafu kuna kanuni inayobadilisha mwenendo wa mtu: sarafu moja ya dhahabu ukiifikisha salama ni pointi moja ya uzoefu. Kuua zimwi kunalipa kidogo sana. Mpiganaji anahitaji pointi 2,000 kufika ngazi ya pili, mwizi 1,200, mchawi 2,500, na yule elfi anayejua upanga na uchawi kwa pamoja anasota hadi 4,000. Wachezaji wanalielewa hili haraka. Wanaacha kutafuta ugomvi, wanaanza kuhonga walinzi, kuchimba kuta, kuiba usiku. Wapwa zangu waliwahi kulipita joka lililolala wakiwa wamevua viatu, na kwa meza ile ilikuwa jioni tamu kuliko vita vyote.

Kasha letu sasa lina mwizi. Mwizi wa ngazi ya kwanza ana asilimia 10 ya kugundua mtego. Akiukosa, anachomwa, na anarusha dadu ya pande 20: 13 kwenda juu amepona, chini ya hapo amekufa. Hakuna kuzirai wala kuvuja damu taratibu. Hata kwenye mapigano, pointi za uhai zikifika sifuri mhusika kaondoka. Kitabu chenyewe hakimfichi mtu jambo hili. Katika mfano wa mchezo aliouandika Moldvay, mwizi aitwaye Black Dougal anakagua kasha, haoni kitu, anafungua, na sindano ya sumu inamuua mbele ya wenzake. Ukisoma ukurasa ule ukiwa na umri wa miaka 12, unajua umeingia mchezo wa namna gani.

Mbilikimo, elfi na halfling (kijitu cha kimo cha mtoto) hapa si makabila ya kuchagua kisha ukaongeza kazi. Mbilikimo ni mbilikimo, kazi yake ndiyo hiyo. Wako wanaokereka. Mimi naona inapunguza maswali: mtoto anamaliza kutengeneza mhusika kabla chai haijapoa, na Black Dougal wake akifa, mwingine yuko tayari kabla wenzake hawajatoka chumba kile. Kasisi wa ngazi ya kwanza hana uchawi wowote, mchawi ana mmoja tu, na akishautumia anabaki na jambia na maombi. Kama watu wako wanapenda mashujaa wanaonguruma tangu mwanzo, watalalamika, na watakuwa na haki.

Boksi jekundu la 1983

Frank Mentzer alichukua mchezo uleule akauandika upya ili mtu ajifundishe peke yake. Kijitabu cha mchezaji kinaanza kama hadithi: wewe ni mpiganaji, unaingia pangoni, unakutana na kasisi Aleena anayekusaidia, na mchawi Bargle anamuua. Waliofundishwa na boksi hili wana kinyongo na Bargle mpaka leo, nami nimo. Bwenini lilikuwa la mwenzangu wa chumba, na nililisoma usiku nikaelewa bila mtu kunieleza.

Mfululizo wake ni mrefu. Expert ilifuata mwaka uleule, Companion 1984, Master 1985, Immortals 1986, na ngazi zinakwenda hadi 36. Mwaka 1991 karibu yote yakakusanywa ndani ya kitabu kimoja kikubwa, Rules Cyclopedia. Companion ndiyo yenye kitu ambacho 1981 haina kwa kina hiki: mhusika akishakuwa mtu mzito anatawala ardhi, anakusanya kodi, anasikiliza wananchi wenye njaa, na kuna hesabu ya kupiganisha majeshi bila kuhesabu askari mmojammoja.

Gharama ya urefu huo ililipwa na mwizi. Ili ujuzi wake utoshe hadi ngazi ya 36, kukua kwake kulipunguzwa kasi, na mtu ambaye tayari alikuwa na asilimia 10 mbele ya kasha anasubiri zaidi kabla hajawa wa kutegemewa. Kasha linafunguliwa sawa na 1981, kifo kilekile. Tofauti iko kwa msimulizi: mafunzo ya Mentzer ni mazuri kwa mtu wa kwanza, lakini baadaye ukitaka kanuni moja kwa haraka unaipekua katikati ya maelezo. Jifunzie 1983, endeshea 1981. Kanuni zinaingiliana kiasi kwamba wachezaji hawatagundua.

Advanced, toleo la kwanza

Vitabu vitatu vyenye majalada magumu, kila kimoja na mwaka wake: cha viumbe mwishoni mwa 1977, cha wachezaji 1978, cha msimulizi 1979. Hivi ni vitabu vya Gygax mwenyewe, na sauti yake unaisikia kila ukurasa: ya mzee wa mtaa aliyesoma sana, anayetoka kwenye kodi za mji hadi magonjwa ya vimelea bila kuvuta pumzi.

Kitabu cha msimulizi cha 1979 ni kitabu kitamu kuliko vyote vya mchezo huu kusoma ukiwa umekaa barazani. Kukitumia mezani ni mambo mengine. Majedwali ya kushambulia yamo humo tu, kwa hiyo mchezaji hajui anahitaji namba gani. Anarusha, anakuangalia, wewe unapekua. Raundi ni dakika nzima iliyogawanywa vipande 10. Kuna kasi ya kila silaha. Kuna jedwali la kila silaha dhidi ya kila aina ya deraya. Bwenini tulianza kwa kufuata yote, na kabla ya muhula kwisha jedwali la silaha na deraya lilikuwa limeachwa bila mtu kupiga kura.

Mwizi wa Advanced mbele ya kasha ana 20 kwa 100, halafu unaongeza au kupunguza kwa wepesi wake na kwa kabila lake. Namba ya kuiponyoka sumu ni 13 tena. Aliyefikishwa sifuri kwa upanga anazimia na kuvuja damu hadi hasi 10, ahueni ambayo 1981 haikupi, lakini sumu haina mjadala. Kabila na kazi vimetenganishwa, kuna mtawa mpiganaji, kuna muuaji wa kukodiwa, na kuna ukomo wa ngazi kwa wengi wasio binadamu. Kuna pia jedwali la nguvu linalowawekea wahusika wa kike kikomo cha chini kuliko wanaume. Nina wapwa wa kike mezani; kanuni hiyo siitumii, na sioni sababu ya mtu yeyote kuitumia.

Ukipenda toleo hili, chukua viumbe wake, uchawi wake, vifaa vyake vya ajabu, kisha uvichezeshe kwa kanuni za 1981. Watu wengi walifanya hivyo tangu zamani hizo, kwa sababu namba zinakaribiana.

Advanced, toleo la pili

David Cook, yuleyule wa Expert, alisimamia usafi wa mwaka 1989. Muuaji na mtawa waliondolewa kwenye kitabu cha wachezaji, na majina ya mashetani yakafutwa, maana miaka ya 80 ilikuwa na kelele nyingi Marekani za wazazi na makanisa waliouona mchezo huu kama mlango wa kuzimu. Viumbe wenyewe walirudi baadaye kwa majina mengine. Kikomo cha nguvu za wanawake nacho kilikwenda, na hakuna aliyekililia.

Kushambulia kumekuwa kwepesi. Mchezaji ana namba moja kwenye karatasi yake, THAC0. Mpiganaji wa ngazi ya kwanza ana 20. Adui mwenye deraya ya 5, toa 5 kwenye 20, rusha 15 au zaidi. Kumbuka tu kwamba deraya nzuri ni namba ndogo, jambo ambalo watoto wanalikubali na watu wazima wanalibishia. Jedwali limehamia kichwani mwa mchezaji, na kwa kipimo changu hiyo ni hatua kubwa kuliko toleo la kwanza.

Kwenye kasha mambo yamebadilika zaidi. Mwizi anaanza na 5 kwa 100, lakini anapewa pointi 60 za kugawa kwenye ujuzi wake, zisizidi 30 kwa ujuzi mmoja. Anayetaka kuwa bingwa wa mitego anaanza na 35. Sumu zimepangwa kwa herufi; nyingine zinaua, nyingine zinapunguza pointi za uhai tu. Angalia mwendo: bila mwizi, kisha 10, 20, hadi 35. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo mchezaji anavyoacha kusema anafungua vipi na kuanza kusema "narusha". Kamba ya mpwa wangu haikukatazwa na toleo la pili, lakini mwenye 35 hana haja ya kuitafuta.

Dhahabu nayo imeshushwa ikawa kanuni ya hiari. Uzoefu unatokana zaidi na maadui walioshindwa na malengo ya hadithi, na mchezo unafuata njia hiyo: safari ndefu, maadui wakubwa, wahusika ambao hutaki wafe kwa sindano. Kwa hilo toleo hili lina malimwengu ambayo hakuna jingine la zamani linayakaribia: Ravenloft ya 1990, Dark Sun ya jangwa 1991, Planescape 1994, na Al-Qadim ya 1992, ya masultani, mabaharia na majini. Hiyo ya mwisho mtu wa Pwani ataiendesha bila kutafsiri sana. Majini wenye koo zao na hasira za kifalme tumelelewa nao.

Onyo moja: baadaye vilifuata vitabu vya nyongeza kwa kila kazi na kila kabila. Ukiruhusu kimoja mezani, vyote vitafuata.

Ningekupa lipi

Kikundi kipya, watoto au watu wazima, mnaotaka kucheza kwa Kiswahili Jumamosi hii: 1981, bila kusitasita. Watu waliokwisha kucheza na mnaochoshwa na kanuni: 1974, na muiache Greyhawk kabatini kwa mwezi wa kwanza. Mtu mmoja anayejifundisha peke yake: 1983. Mnataka hadithi ndefu ya mwaka mzima na mashujaa wale wale: toleo la pili, vitabu vitatu tu vya msingi na ulimwengu mmoja. Toleo la kwanza la Advanced nunua usome.

Maboksi yenyewe siku hizi ni mali ya wakusanyaji, na bei zake si za mchezo. Nakala za kielektroniki za mengi ya matoleo haya zinauzwa kihalali mtandaoni. Bure kabisa kuna Basic Fantasy, iliyoandikwa upya na wapenzi kwa kufuata mtindo wa 1981, ingawa imetenganisha kabila na kazi na deraya yake inapanda badala ya kushuka. Kuna toleo la msingi la Old-School Essentials, lililo karibu zaidi na 1981 yenyewe. Na kwa Advanced ya kwanza kuna OSRIC. Usichapishe kitabu kizima. Steshenari watakutolea kurasa za kutengeneza wahusika, jedwali la kushambulia na orodha ya uchawi wa ngazi ya kwanza kwa bei ya soda mbili tatu. Viumbe visome kwenye simu kabla wageni hawajafika, na uandike namba zao kwa mkono, kwa Kiswahili, kwenye karatasi moja.